Kapu la Saa Tano na Dakika Kumi

Saa tano kamili Felisbina alitia kapuni bakuli la supu ya kabichi, mkate wa mahindi na kipande cha soseji, kisha akaenda kufunga mnyororo barabarani. Kuyazuia magari ili garimoshi la mlimani lipite ndiyo kazi aliyoianza akiwa na miaka ishirini na miwili. Garimoshi lenyewe halijapita kwa miaka kumi na minne. Ukutani kwa stesheni bado kuna tangazo: NJIA IMEFUNGWA KWA MUDA.

Kinachopita ni kivuli chake. Hupanda taratibu kutoka mtoni, injini na mabehewa mawili, kikijikunja juu ya kuta za mizabibu, na madirishani huonekana vivuli vya watu, wengine wamesinzia. Felisbina huinua kapu. Kivuli cha marehemu mumewe Zeferino, aliyekuwa dereva, hutoa mkono kikachukua kivuli cha kapu. Hukirudisha saa kumi, garimoshi likishuka. Supu inayobaki haina ladha, lakini Felisbina huinywa. Chakula hakitupwi.

Siku hiyo mhandisi alikuwa amekuja kutoka Lisbon kuhesabu abiria. Wakikosekana, reli zing'olewe, pajengwe njia ya baiskeli. Mara ya kwanza watu wa Lisbon walihesabu wiki ya kuvuna zabibu, wakati hata padri hasafiri. Safari hii walichagua siku ya mawingu. Mhandisi alikaa benchini hadi saa sita, akaandika sifuri.

"Bwana mhandisi, bila jua utawaonaje?" alisema Felisbina. "Njoo kesho. Nitakupikia."

"Kesho niko bonde lingine, mama."

"Basi andika kulikuwa na mawingu."

Mhandisi aliigeuza fomu mbele na nyuma, kwa nia njema kabisa. "Hapa hamna pa kuandika mawingu."

Mafundi wa kung'oa reli walifika mwezi Machi, siku ya jua kali. Felisbina alivaa viatu vyake vya kanisani. Jirani yake Adosinda alikuwa ndani ya gari, akingoja mnyororo ufunguliwe.

"Makubwa! Kumpa mtu supu ndiyo kuvaa hivyo?"

"Leo simpelekei supu tu, shoga."

Mkono ulipotoka dirishani, Felisbina aliinua kapu, na kwa mkono wa pili akaushika. Kivuli chake kilipanda, kikakaa karibu na dereva, kikarekebisha sketi. Garimoshi likaendelea na mlima.

"Umeenda naye?" aliuliza Adosinda.

"Nusu. Nusu hii ina kuku wa kulisha."

Mafundi walianza kazi saa saba, kwa hiyo saa kumi hakuna kilichorudi. Usiku ule Felisbina alilia, si kwa msiba bali kwa wivu. Alikionea wivu kivuli chake.

Njia ya baiskeli ilizinduliwa mwezi Juni. Wanakijiji walipigwa picha juani, na miguuni pa Felisbina hapakuwa na kivuli. Mhandisi alimpa mkono, akamshukuru kwa ushirikiano. Tangazo la stesheni halikuondolewa, maana hakuna aliyepewa kazi hiyo. Felisbina hulifuta vumbi kila Jumamosi, na saa tano na dakika kumi hufunga mnyororo kukatiza njia ya baiskeli. Waendesha baiskeli hushuka, wakangoja.