Kizibo cha Jebena

Jumamosi asubuhi, kabla wenye mahema hawajamaliza kugongea vigingi, Tewabech alikuwa ameshatandaza majani makavu juu ya meza na kupanga jebena zake kumi na moja, shingo zote zikitazama lango. Jebena ni chungu cha kahawa, cheusi, chenye tumbo la duara na shingo nyembamba, na mjini Addis Ababa nyumba isiyo nacho haijahamiwa bado. Soko lenyewe lilikuwa la siku mbili. Mahema yalisimamishwa Jumamosi kwenye uwanja wa kiwanda cha zamani cha unga, Jumapili jioni yakang'olewa, na Jumatatu watu wakaegesha magari palepale.

Jebena za Tewabech zilijulikana kwa mambo mawili. Hazikuvuja. Halafu, ukimimina kikombe cha tatu, kile cha baraka ambacho mgeni haondoki kabla hajakinywa, zilitaja jina la aliyezifinyanga. Zililitaja mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, zikanyamaza. Vyungu vyote vya mtaa wa wafinyanzi, kule chini ya mlima Entoto, hufanya hivyo, na watu wa mjini wameshazoea. Wengine hukohoa wakati huo, wengine huongeza sauti ya redio.

Hukohoa kwa sababu wafinyanzi nao wana sifa zao. Inasemwa wana jicho baya. Inasemwa usiku hugeuka fisi. Tewabech alikuwa na miaka hamsini na miwili na hakuwahi kugeuka fisi hata siku moja. Kwanza usingizi wake ulikuwa mzito. Lakini mtu akishasemwa hivyo, jamani, atajiteteaje? Watu walinunua vyungu vyake, wakanywa humo, ila noti waliziweka juu ya meza ili mikono isigusane.

Ndiyo maana binti yake Hirut, aliyesoma mpaka akawa mfamasia, alipochumbiwa na kijana wa ukoo unaojiona, aliwaambia wakwe kwamba mama yake ni marehemu. Kabla ya kusema hivyo alikuja kwanza kulia kwa mama mwenyewe. Tewabech alimfuta machozi kwa mkono wenye udongo.

"Sema nimekufa, mwanangu. Kufa kwa mdomo hakuumi."

Kumbe kunauma. Wazee wa posa walipokewa nyumbani kwa shangazi yake Hirut, na siku hiyo nzima Tewabech alikaa kwake akikanda udongo ambao hakuwa na kazi nao.

Sasa Jumamosi hiyo, mama mmoja aliyevaa shali nyeupe yenye pindo la dhahabu alisimama mbele ya meza. Tewabech alimtambua mara moja, kwa kuwa Hirut alikuwa amemwonyesha picha kwenye simu. Ni Bi Sinidu, mama wa mchumba.

"Hii unauzaje?"

"Hiyo ina ufa, mama."

Bi Sinidu aliigonga kwa ukucha. Ikalia safi. "Ufa uko wapi? Au leo hutaki kuuza?"

"Kule mbele wana za kiwandani. Nzuri, na hazisemi."

"Za kiwandani zinaharibu kahawa. Mchumba wa mwanangu anakuja kesho, nataka atumiminie na kitu cha maana."

Tewabech angeweza kuiangusha. Mkono ulikwisha kunyanyuka. Lakini maisha yake yote hakuwahi kuvunja chungu kizima, na tuseme ukweli, moyo wake ulitaka angalau kitu chake kimoja kiingie nyumba ile. Akaifunga kwenye gazeti. Bi Sinidu akaweka noti mezani.

Hapo hapo Tewabech akampigia binti yake simu. Hirut akasema mama asihofu, atakohoa.

Na angekohoa. Shida ni kwamba Hirut alikulia katika nyumba yenye vyungu vingi. Tangu alipojifunza kusema, kila jebena ilipotaja jina, yeye aliitika, na wakubwa wakacheka. Jumapili ile alimimina kikombe cha kwanza vizuri, cha pili vizuri. Cha tatu, jebena ikasema, "Tewabech." Hirut akafungua mdomo akohoe, neno likamtoka, "Mama."

Redio ilikuwa imezimwa.

Jumamosi iliyofuata Bi Sinidu alirudi sokoni na ile jebena kwenye kikapu. Hakuwa na hasira. Alionekana mtu aliyelala vibaya wiki nzima.

"Ilitaja jina," alisema.

"Hutaja, mama."

"Na yule binti akaitika."

Tewabech alipangusa jebena iliyokuwa safi tayari.

"Sina ubaya naye," Bi Sinidu aliendelea. "Ana adabu, kahawa anaijua, na mwanangu amegoma kula kwa ajili yake. Arusi itakuwepo. Lakini kadi zimeshagawiwa, na watu tumeshawaambia mama yake ni marehemu. Hata misa umesomewa. Kukufufua sasa itakuwa aibu."

"Nawashukuru kwa misa," alisema Tewabech.

"Kwa hiyo hutakuja."

"Sitakuja."

"Na chungu sikirudishi, ni kizuri mno. Nitengenezee tu kitu cha kukizuia."

Tewabech aliipima shingo kwa kidole. Wiki ile alifinyanga kizibo cha udongo kidogo kuliko kidole gumba, akakitoboa matundu matatu kwa mwiba, membamba ya kupitisha kahawa na kuzuia jina. Alikisugua kwa jiwe, akakichoma pamoja na vyungu vingine. Jumamosi walikijaribu hapohapo sokoni, kwenye jiko la mkaa la jirani yake Woldu, muuza mikanda ya ngozi. Kikombe cha kwanza. Cha pili. Kwenye cha tatu jebena ilitetemeka kidogo shingoni, basi. Kahawa ilitoka bila neno.

"Mikono yako ina kipaji," alisema Bi Sinidu, akaweka noti mezani.

Alikuwa mkweli, na aliwaambia wenzake. Haikupita muda, wanawake wa mjini wakawa wanauliza vizibo kabla hawajauliza jebena.

"Dada, umetoka!" Woldu alimtania. "Ungevigundua zamani tungekuwa tunakuamkia ukiwa ndani ya gari lako!"

"Ningevigundua zamani," alisema Tewabech, na hakumaliza.

Alhamisi ya kabla ya arusi Hirut alikuja nyumbani mchana, akapiga magoti, akashika miguu ya mama yake, akasema, "Mama, sema neno moja tu, niwakatae wote."

Tewabech alilitaka neno hilo. Lilimjaa mdomoni. Alimtazama mtoto wake, alivyokonda kwa mapenzi, akambusu bega la kulia, la kushoto, la kulia tena.

"Nenda," alisema. "Ukizaa, usiwazuie wanao kuchezea udongo."

Arusi iliangukia Jumapili, siku ya soko. Tewabech alipanga meza kama kawaida. Saa saba hivi honi zikasikika barabarani, na msafara wa magari yenye maua ukapita polepole mbele ya lango, la bibi arusi likiwa limefunguliwa dirisha. Wanawake wote wa sokoni wakasimama kupiga vigelegele, maana kigelegele cha mpita njia hakihitaji kadi. Tewabech alisimama pamoja nao. Alipiga chake kirefu, pumzi ikamwishia, akavuta nyingine, akapiga tena, wenzake walipokwisha kukaa yeye bado.

"Wewe!" Woldu alicheka. "Bibi arusi mwenyewe unamjua?"

Gari la mwisho lilikata kona. Tewabech alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa cha kichwani.

"Nilimwona kwa mbali," alisema, akamgeukia mteja aliyekuwa akisubiri.