Maji Tu

Krik! Kifuniko cha chupa kilifunguka gizani. Mng'aro akatulia, akasikiliza: mumewe anakoroma, mtoto kimya. Akamimina kidogo kwenye beseni, akachutama, akajiosha mpaka ndani, meno kayauma. Dawa yenyewe ilikuwa ileile anayosafishia vyoo vya ofisini. Wenzake kazini ndio waliomwita Mng'aro, maana sakafu aliyopiga deki yeye unajiona sura. Sasa mtu kama huyo atanukaje?

Lakini alinuka. Kadiri alivyojiosha ndivyo harufu ilivyozidi, na mkojo ukaanza kumchoma kama pilipili. Wakati wa chai akawa anakaa peke yake, karibu na mlango.

"We Mng'aro, siku hizi umekuwa bosi, hukai na sisi?" shoga yake alimtania.

Akacheka nao, macho chini. Nyumbani mumewe aligeuziwa mgongo, wala hakuambiwa kosa lake.

Maumivu yalipozidi, akaenda zahanati na binti yake. Muuguzi, mama wa makamo, alimpima, kisha akavuta kiti karibu.

"Usione haya, mdogo wangu. Huko ndani tuna bakteria wazuri, ndio walinzi wetu. Wanatengeneza asidi, wale wabaya wanakosa pa kukaa. Walinzi wakiisha, wabaya wanajaa, mara wako mpaka kwenye njia ya mkojo. Nitakupa dawa. Baadaye kuna na vidonge vyenye bakteria wazuri, huenda vikasaidia kuwarudisha. Ila niambie, unajioshea nini?"

"Maji tu, dada."

"Kweli? Maana kama unawaua kila siku, mimi na wewe tunatwanga maji kwenye kinu."

Mng'aro alifungua kinywa. Hapa ndipo pa kusema. Akitoka hivi hivi, hatapona. Lakini angeanzia wapi? Yeye ndiye anayewafokea wafanyakazi wapya: "Vaeni glavu jamani, hiyo ni dawa ya vyoo, si ya ngozi!" Uso ukamwaka moto mpaka masikioni.

"Maji tu," alirudia.

Muuguzi akashika kalamu aandike. Binti, aliyekuwa anachezea mkanda wa mkoba wa mama yake, akainua kichwa.

"Mama anaogea dawa ya choo."