Mwanya wa Vidole Vinne

Kila asubuhi, kabla hajagusa cherehani, Fundi alizungumza na mwanawe aliyekufa miezi minane nyuma. Tena alizungumza naye kwa Kihungari, lugha ambayo hakuijua hata ya kuombea maji ya kunywa.

Usicheke. Mama Vifungo alicheka, yule mwenye meza ya vifungo na zipu aliyekodi naye chumba kimoja, na siku ya tatu hakucheka tena. Alimwona Fundi ameketi kwenye meza ya kukatia, simu iko mbele yake, chaki mkononi. Simu inasema kitu kwa sauti ya kijana, kisha inanyamaza. Fundi anajibu. Simu inasema, "Safi kabisa, mama," na Fundi anatabasamu kama msichana aliyesifiwa mbele ya darasa.

"Haki ya nani," Mama Vifungo alisema, "mwili umenisisimka wote."

Mambo yenyewe yalianza hivi. Mwana huyo, ambaye tangu utotoni aliitwa Uzi kwa ule wembamba wake, alikwenda kusoma ng'ambo, akaoa huko huko, akapata binti. Binti ana miaka minane, na lugha anayoijua ni ya mama yake tu. Kila Jumapili bibi na mjukuu walitazamana kwenye simu, wakapungiana mikono, wakachekeana, basi. Uzi akaona hii ni aibu. Akaanza kumrekodia mama yake masomo mafupi mafupi na kumtumia.

"Én ni mimi, te ni wewe, ő ni yeye," alisema katika somo la kwanza. "Yeye mwanamume, yeye mwanamke, wote ni ő."

"Kama kwetu," Fundi alimwambia Mama Vifungo siku hiyo. "Angalau hapo wana akili."

Somo la kumi na moja ndilo alilolipenda kuliko yote. "Kwao, mama, ukitaja kitu, neno 'yangu' halisimami peke yake. Wanalibandika nyuma ya kitu, kama wewe unavyosema mwanangu. Kabát ni koti. Koti langu, kabátom. Mwanangu, fiam. Haya, sema." Hapo Uzi alinyamaza kidogo ili mama yake apate nafasi ya kujibu. Kisha: "Safi kabisa, mama. Kesho nakuletea 'yako' na 'yake', leo tosheka na vyako."

Somo la kumi na mbili lilifika Ijumaa. Fundi alikuwa na sare za shule arobaini za kumaliza, akasema nitalisikiliza Jumapili, nikiwa nimetulia. Jumamosi mchana mkwewe alipiga simu analia, na kulia hakuhitaji mkalimani. Moyo wa Uzi ulikuwa umesimama akiwa anafunga kamba za viatu. Alizikwa huko huko. Fundi alilitazama jeneza la mwanawe kwenye kioo cha simu, dogo kama kiberiti, mpaka chaji ikaisha.

Somo la kumi na mbili hakulifungua. Maadamu lipo na halijasikilizwa, Uzi alikuwa bado ana neno la kumwambia. Hayo ndiyo aliyoyaamini, na ole wako umbishie.

Na kulikuwa na koti.

Kwa mafundi wa ukoo wake, nguo ya msafiri haimalizwi. Mama yake alimfundisha hivyo, naye alifundishwa na mama yake: kwenye pindo, kwa ndani, unaacha bitana wazi upana wa vidole vinne. Nguo isiyokwisha humrudisha mwenyewe kwa fundi wake. Koti la Uzi, zito, jeusi, bitana ya kijivu, lilikuwa na mwanya huo. Alirudi nyumbani mara tatu. Kila mara Fundi aliushona mwanya mbele yake, wakacheka, na siku ya kuondoka akaufumua tena. Mara ya nne ndiyo hiyo ambayo haikufika.

Sasa, mwezi wa nane baada ya mazishi, ukaja ujumbe wa mkwe, uliotafsiriwa na simu, Kiswahili chake kigumu kama mkate wa juzi lakini kinaeleweka. Mtoto hazungumzi na mtu tangu msiba, isipokuwa ndani ya lile koti la baba yake. Analala nalo. Analivaa kwenda shule, linaburuzika chini, na bitana imeanza kuchanika kuanzia pale palipoachwa wazi. Mama yake alitaka kuishona, mtoto akapiga kelele mpaka majirani wakaja. Anasema baba alimweleza: hapo anashona bibi tu, na pakiwa wazi baba atarudi. "Mimi nimemwambia baba harudi," mkwe aliandika. "Ananiita mwongo. Nikimsomea maneno yako kwenye simu anasema hayo ni maneno ya simu. Tafadhali, mama. Mwambie wewe kwa mdomo wako."

Fundi alisoma mara mbili, akaiweka simu kifudifudi juu ya meza.

"Utamwambia?" Mama Vifungo aliuliza.

"Nimwambie nini?"

"Ashone."

"Ukiziba pale umemzika."

"Jamani! Ameshazikwa!" Mama Vifungo alipandwa na hasira, na hasira yake ilikuwa na machozi ndani. "Mtoto wa watu anatembea barabarani amevaa koti la marehemu, anamsubiri, na wewe huku unamsubiri. Nyie wawili mtakutana wapi? Mwambie koti ni lake, alitie uzi, alivae kama nguo. Sema tu, koti lako."

"Siwezi kusema 'lako'," Fundi alijibu polepole. "Nimefundishwa 'langu' peke yake. 'Lako' liko kwenye somo lile."

"Si uiulize simu, itakuambia sasa hivi."

"Neno hilo nalitaka kwa mwanangu. Kwa mwingine silitaki."

Mama Vifungo akaguna, akarudi kupanga vifungo vyake. Kuna ukaidi ambao ukishindana nao unajichosha bure.

Siku tatu Fundi alifanya kazi kwa mikono tu, akili haiko. Alikata mkono wa kushoto mara mbili kwenye shati moja, jambo ambalo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angelionea haya. Alipopiga pasi alimwona Uzi kwenye mvuke. Alipopima bega la mteja, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye vipimo vya Uzi, na mteja akauliza mbona unanipima mtu mwingine. Aliogopa somo lile. Aliogopa zaidi kwamba akilisikiliza, ule ukimya wa mwisho baada yake hautakuwa na "safi kabisa, mama".

Jumamosi adhuhuri umeme ulikatika. Feni ikasimama, cherehani za jirani zikanyamaza, mtaa mzima ukawa kimya ghafla. Fundi alikuwa peke yake, Mama Vifungo ameenda kula. Akachukua simu, na kwa kujipa moyo akaanza na somo la kumi na moja, lile analolijua.

"Koti langu, kabátom. Haya, sema."

Safari hii Fundi hakujibu, macho yake yalikuwa kwenye somo la kumi na mbili lililofuata. Na katika ule ukimya, sauti nyingine ikajibu.

"Kabátom."

Nyembamba. Ya chini. Si ya Uzi.

Fundi alisimama, kiti kikaanguka. Alitazama mlango, akatazama nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Hakuna mtu. Akarudisha nyuma, akaweka simu sikioni. "Haya, sema." Na ile sauti tena, karibu kabisa na sikio lake, ikinong'ona kwa bidii kama mtu anayejibia mwenzake darasani: "Kabátom." Kisha kicheko kidogo, na Uzi akimnyamazisha mtu, "Shh."

Alikuwa mtoto. Mjukuu wake. Alikuwa pale kwenye chumba, pembeni ya baba yake, somo baada ya somo, akimjibia bibi yake ili asishindwe. Kelele za cherehani za jirani zilimmeza, na Fundi mwenyewe alimfunika kwa sauti yake kila alipojibu. Miezi yote hiyo alidhani anazungumza na marehemu, kumbe kulikuwa na aliye hai anamsemesha.

Akakaa sakafuni, kwenye vipande vya vitambaa, akalia kilio ambacho hakulia siku ya jeneza. Kisha akafungua somo la kumi na mbili.

Uzi alikohoa kwanza. "Leo yako na yake, mama. Koti lako, kabátod. Koti lake, kabátja. Na mtu akikuuliza ni la nani, unasema tiéd, ni lako. Haya, sema. Tiéd." Ukimya. Ndani yake mtoto akanong'ona, "Tiéd." "Safi kabisa, mama. Kesho tutahesabu." Basi. Hapakuwa na kwaheri. Alikuwa na mipango ya kesho, kama sisi sote.

Jumapili saa kumi mkwe alipiga. Mtoto aliketi mbele ya kioo amefunikwa na koti jeusi mpaka masikioni, macho makubwa, mdomo umefungwa. Fundi alikuwa amevaa gauni lake zuri. Mama Vifungo alikaa pembeni, ameng'ang'ania leso.

Fundi akanyoosha kidole kwenye koti.

"Kabátom?" Langu? Akatikisa kichwa, hapana. Akavuta pumzi. "Apa..." Baba. Akatikisa kichwa tena, polepole, na safari hii machozi yalishuka na hakuyafuta. "Kabátod. Tiéd."

Mtoto hakusogea. Kisha midomo yake ikacheza bila sauti: tiéd. Alilijua neno. Alilisema yeye mwenyewe siku ile, kwa niaba ya bibi.

Fundi akainua sindano iliyotiwa uzi wa kijivu, akashika kipande cha bitana, akaanza kushona taratibu, mbele ya kioo. Kule ng'ambo mama akamletea mtoto sindano. Mtoto akalivua koti, akaligeuza ndani nje, akaupata ule mwanya. Wakashona pamoja, bibi huku na mjukuu kule. Fundi alihisi kila tundu la ile sindano kifuani mwake. Kidole cha kwanza kikazibwa, cha pili, cha tatu. Mwanangu, alisema moyoni. Fiam. Nenda.

Palipobaki kidole kimoja mtoto akasimama. Akafunga fundo, akakata uzi kwa meno.

Fundi akamwonyesha kwa mkono: endelea, bado kidogo. Mtoto akatikisa kichwa. Akajigusa kifua, "Enyém," akasema, langu, kwa sauti kubwa ambayo nyumba ile haikuisikia tangu msiba. Akagusa ule mwanya uliobaki, kisha akanyoosha kidole kwenye kioo, kwa bibi yake, akasema maneno mengine mengi ya haraka ambayo hayakuwa katika somo lolote.

Mkwe alikuwa ameziba uso kwa viganja. Ilichukua muda ujumbe wake kufika.

"Anasema hapo hapashonwi. Koti sasa ni lake, kwa hiyo litamleta yeye kwako."

Mama Vifungo ndiye aliyeusoma kwa sauti, maana Fundi hakuona kitu.

Asubuhi ya Jumatatu, kabla hajagusa cherehani, Fundi alifungua somo la kumi na mbili. "Haya, sema," Uzi alimwambia. Fundi akafumba mdomo, akainamia simu, akamwacha mtoto ajibu.