Alama za Jumamosi

Mama alikuwa na mkono wa birika kwenye alama. Alifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu akaihamishia kalamu yake nyekundu kwenye televisheni yetu. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana tunafunga pazia, tunatazama filamu moja, na kabla mtu hajainuka hata kwenda chooni, kila mmoja anataja alama yake kati ya kumi na kutoa sababu. Tunaanza na mdogo ili asiige wakubwa: mdogo wangu kwanza, mchomelea mageti tunayemwita Cheche, halafu mimi, halafu baba, na mama mwisho. Alama ikishatajwa haibadilishwi wala haibishiwi. Mama anaiandika kwenye daftari lake la hesabu, lile la miraba.

Ukilifungua daftari hilo utadhani darasa zima limefeli. Kuna filamu ya ngumi ambayo Cheche aliipa tisa, mama akaipa tatu. "Mtu kapigwa risasi ya bega, dakika mbili baadaye anapanda ukuta kwa mkono ule ule. Mimi nikiteguka kidole simenyi kitunguu." Ile ya mapenzi niliipa nane na machozi juu yake. Mama akatoa nne. "Wamejuana siku nne wakaoana. Nimewapa moja kwa kila siku." Ya mizimu ilipata tano, tena kwa sababu tu ilimfanya baba akae macho hadi mwisho. Baba ni fundi wa majokofu, na kwa kawaida husinzia hata majina ya waigizaji hayajaisha kupita. Tukimwamsha anatoa saba, iwe ya vita au ya katuni. Saba haimuudhi mtu, anasema. Kumi haikuwahi kuandikwa mle. Mama alishasema mwenye kutoa kumi awe tayari kuitetea mbele ya darasa, na nani angethubutu?

Mwaka huu mama aliugua saratani ya tumbo. Alitumia dawa miezi minne, zikampukutisha nywele na kumwondolea ladha ya kila kitu hadi maji. Zilipokwisha, daktari akasema uvimbe umepungua kidogo tu, kuna awamu ya pili iliyo kali zaidi, na hakuahidi lolote. Alitupa wiki tatu za kufikiri, jibu alilitaka Jumatatu ya mwisho. Kwangu mimi halikuwa swali hata kidogo. Mama aende. Lakini kila nilipomuuliza alijitia anatafuta miwani.

Hapo ndipo nilipoanza ujinga wangu. Nikawa nasoma alama zake kama wengine wanavyosoma viganja. Jumamosi moja tulitazama kichekesho cha ovyo ambacho hata Cheche hakucheka, na Cheche hucheka akiona mtu anajikwaa. Mama akakipa saba. Saba ya baba! Iliyofuata, ya mpelelezi aliyemjua muuaji tangu mwanzo na bado akatupotezea saa mbili, akaipa nane. Mtu anayesamehe filamu kama ile, nilijiambia, ameshaanza kuaga. Niliichukia ile nane kuliko nilivyouchukia ugonjwa wenyewe.

Basi nikaenda kwa muuza filamu jirani na kiwanda ninakoshona sare za shule, nikamwambia anipe mbaya kuliko zote.

"Dada, watu huja hapa kuniuliza nzuri."

"Mimi nakuuliza mbaya. Unayo au huna?"

Alikuwa nayo. Ilihusu watu waliosafiri angani miaka mia mbili, wamevaa mavazi yanayong'aa kama karatasi ya kufungia peremende, na rubani wao kila akifa anafufuliwa. Mama aliitazama amejilaza kwenye kochi, blanketi hadi kidevuni, beseni sakafuni karibu na mkono wake.

Cheche alitoa mbili. Mimi nikatoa moja. Baba, saba. Kisha nikamgeukia mama.

"Mbili," alisema. "Miaka mia mbili na hakuna aliyebadilisha shati. Na ilipaswa kuisha saa nzima iliyopita. Wameirefusha tu kwa kuwa hawakujua namna ya kuimaliza."

Mbili! Mama yangu yule yule, asiye na simile! Nilikimbilia chumbani kwake, nikalitoa begi la hospitali chini ya kitanda, nikatia magauni mawili, ndala na mswaki, nikarudi nalo sebuleni nikicheka peke yangu.

"Keshokutwa Jumatatu naomba ruhusa kazini, mama. Tunaondoka asubuhi na mapema."

"Kaa kwanza," alisema. "Hatujamaliza. Imebaki moja ya kupewa alama. Ile miezi minne ya dawa. Wote mliitazama. Mdogo aanze."

Cheche aliangalia makovu ya moto mikononi mwake. "Tano," alisema mwishowe. "Ilikutesa, mama. Lakini upo."

"Kumi!" Nilipiga kelele. "Kumi, na sababu ni hiyo hiyo. Upo! Umekaa hapo unaongea na sisi!"

Hakuna aliyenibishia. Ndiyo sheria.

Tukamgeukia baba, mtu aliyemwogesha, aliyemshikia beseni na kumfulia mashuka miezi yote minne. Hakuwa amesinzia. Tulisubiri saba yake.

"Moja," alisema.

"Sababu, mume wangu?" mama aliuliza taratibu.

"Kila usiku, ukishatapika na taa kuzimwa, uliniuliza kama unaweza kuacha dawa. Nikajifanya nimelala."

Mama alimshika mkono. Kisha akavaa miwani.

"Mimi natoa mbili. Moja ni yenu, hamkukosa hata siku moja. Nyingine ni ya yule muuguzi mnene aliyekuwa akinichekesha. Sirudii tena."

"Mama, awamu ya pili si sawa na..."

"Dada," Cheche alinikatiza. "Alama imeshatajwa."

Mama alifungua daftari, akaandika chini ya filamu ya angani. Nilisimama nyuma yake nikitazama kalamu. Tano, kumi, moja, mbili. Kumi ya kwanza katika daftari lile ilikuwa yangu, na sikuweza kuitetea.

"Na Jumamosi ijayo," alisema akifunga kalamu, "tafuta nzuri, mwanangu. Hizi mbaya sina muda nazo."

Nilimwitikia. Kisha nikalibeba begi, nikarudi chumbani kwake, nikaanza kutoa nguo.