Herufi za Udongo za Theresia

Uluguru nzima, toka kileleni mpaka mtoni, hapakuwa na mwalimu wa kumshinda Theresia kwa kufundisha wasioona. Ila tusiseme uongo mapema, maana uongo una mwenyewe na atakuja: mwalimu wa wasioona alikuwa mmoja, mwanafunzi mmoja, na huyo mmoja alikuwa amesahau yote.

Huyo ni Kristina, binti wa miaka kumi. Theresia, aliyerithi ufinyanzi kwa mama yake, alimfinyangia herufi za udongo, akazichoma pamoja na vyungu, na mtoto akazipapasa mpaka akasoma. Kisha ndui ikaingia. Wadachi wakafunga shule ya misheni miezi minane, Kristina akarudi mlimani kwa bibi yake, Bibi Chausiku, kupukuchua mahindi. Herufi zikamtoka moja moja, kama punje.

Sasa shule imefunguliwa, na padre mkuu, mtu asiyependa kusubiri, ametoa wiki mbili. Atakayeshindwa kusoma siku ya mtihani, jina linafutwa, anarudi nyumbani moja kwa moja. Wanaoona wana vitabu vya kujikumbushia. Kristina ana udongo wa Theresia.

Basi kila alasiri Theresia alipanda mlima na kikapu, pumzi juu juu, akatoa shikamoo, akapewa marahaba na masimango juu yake: asiyeona asome barua ya nani, na mahindi yapukuchuliwe na nani? Alifundisha uani, bibi amewapa mgongo, anapeta maharage. Jioni aliacha kikapu ili mtoto ajizoeze.

Kesho yake herufi hazitimii. A haipo. Theresia akafinyanga nyingine. Akija tena, K haipo. Bibi ana maelezo: mara kuku wamezifukia, mara Kristina kazivunja, na Kristina anaapa hajavunja hata moja. Siku bibi aliposingizia nyani, Theresia alichoka.

"Bibi, nyani anakula udongo?"

"Nyani wa siku hizi, mwanangu, tangu reli ifike Morogoro, hawachagui."

Theresia alishuka mlima akisema peke yake. Vyungu vya watu vilikaa wiki mbili havijafinyangwa, na wenyewe walikuwa wameanza kumtukana kwa adabu.

Siku ya mtihani ikafika. Alfajiri Theresia alihesabu herufi zote, zimetimia, akampa kikapu Bibi Chausiku, aliyekuja kumsindikiza mjukuu. Huko ndiko kulikuwa kumkabidhi fisi bucha, ila hakujua bado.

Padre akamtaka Kristina apange neno mlango. Mtoto akaweka M. Akarudisha mkono kikapuni, akapapasa, akapapasa tena. L hamna. Theresia akaeleza kwamba mtoto anaijua, ni herufi yenyewe iliyopotea. Padre akajibu kwamba kila aliyesahau hakosi cha kulaumu, akachovya kalamu yake kwenye wino.

Machozi yalimshuka Kristina, vidole bado vinatafuta.

Bibi Chausiku alikuwa amesimama mlangoni. Akamtazama mtoto, akaitazama kalamu, akafungua fundo la kaniki yake, akachagua, akaja kumwekea L mkononi. Kristina aliipapasa mara moja tu. Zilizobaki zikafuatana bila kusita, na padre, kwa shingo upande, akaliacha jina lake.

Nje, Theresia alimwomba bibi amwonyeshe lile fundo. Herufi tisa.

"Nimeziokota njiani," bibi akasema. "Hata sijui ni nini. Nilidhani vigae."

"Na L umeijuaje kati ya vigae vyote hivyo?"

"Mkono tu umeiangukia."

Theresia akaukumbuka ule mgongo uani, na ungo wa maharage uliopetwa wiki mbili usiishe. Akakinga kiganja.

"Haya, bibi. Kigae cha K kimo humo?"

Bibi Chausiku alikuwa ameshaitoa K kabla mdomo haujakumbuka kukana.