Orodha Ikae Juu Daima

...na mstari wenyewe wa programu ni mmoja tu, maneno manne, orodha ikae juu daima, ameuandika yeye fundi, kwa vidole hivi hivi, Ijumaa, begi tayari begani, kwa sababu meneja alilalamika kwamba akibofya pengine orodha ya wateja wa vifaranga inazama nyuma ya madirisha mengine, na sasa meneja huyo huyo amesimama nyuma ya kiti, "Fundi, programu iko sawa? Nataka neno moja tu," neno moja, na rekodi za kompyuta ziko mbele yake, juzi saa mbili na dakika kumi asubuhi, joto la mashine ya kutotolea limepanda, dirisha la tahadhari limefunguka, limefunguka kweli, chini ya orodha, kama mtu anayepiga kelele chini ya godoro, na mayai elfu nne ya siku ya kumi na nane yakaivia humo... "Alisinzia huyu," meneja anasema, "mtu mzima anasinzia asubuhi," na mama mwangalizi wa mashine yuko mlangoni, koti la kazi amelikunja mkononi, tayari kulirudisha, mama huyu aliyemwambia fundi miezi miwili nyuma, "Mwanangu, hiki kidirisha chako cha orodha kinanikalia usoni kama mgeni asiyejua kuaga," wakacheka, akamjibu, "Kisogeze pembeni, mama," na mama akawa anakisogeza, na kila programu ikiwashwa upya kinarudi katikati, alijua kinarudi, alijua, dawa ilikuwa kuifunganisha orodha na dirisha kuu la programu, ipande nalo, ishuke nalo, na juu ya yote ibaki tahadhari peke yake, kazi ya nusu saa, na kengele ya sauti ya tahadhari akaiahidi katika toleo lijalo la programu, toleo lijalo... na kidole kiko kwenye kitufe cha kufuta, afute, ahifadhi, nani atajua, humu hakuna mwingine anayesoma haya, mama mwenyewe ameshaanza kuamini, jana alimuuliza kwa sauti ya chini, "Hivi mtu anaweza kusinzia asijue?" naye akasema, "Uchovu, mama," akasema hivyo, uchovu, akamfunika macho mara ya pili... "Fundi?" koti limekunjwa mara nne, vifungo vimefungwa vyote, na mstari bado upo, kishale kinapepesa mwishoni mwake, na kidole kimetoka kwenye kitufe, kimerudi mezani, "Fundi, nakuuliza wewe," na mama anamtazama yeye, si meneja, na ulimi mkavu unatafuta pa kuanzia, si programu, si kompyuta, mimi, aanze na mimi...