Upawa wa Nikolaus

Asubuhi ile Nikolaus aliacha uji wake mezani, akamwambia mkewe Generoza angerudi kuunywa. Hakurudi. Kwenye karakana ya kijiji cha ujamaa, nje kidogo ya Kimamba, kioo kilichoyeyuka kilimmwagikia kifuani. Watu wakasema alijikwaa.

Hapo wanakijiji waliyeyusha chupa kuukuu wakatengeneza chemni, vioo vya taa, zikauzwa hadi Mikumi. Nikolaus ndiye aliyechota kioo tanurini kwa upawa mrefu wa chuma. Upawa wa siku ile ulimezwa na kioo. Ulibaki pacha wake, na siku ya kuanua matanga mdogo wake Hezekia angekabidhiwa huo, kisha ashike kazi ya kaka yake tanurini.

Generoza alipewa upawa huo ausugue kwa majivu. Kidole chake kikakwama shingoni, pale uso wa kioo ulipokuwa ukifika kila siku. Palikuwa na vijitundu, kama mahindi yaliyoingiwa na fukusi.

"Bwana Oswald," alimwambia fundi mkuu, "chuma hiki kimeliwa."

"Hicho ni chuma cha pua, mama. Hakipati kutu."

Kweli, kutu haikuwapo. Hezekia akatabasamu. "Shemeji, unataka nikae nyumbani nikusaidie kupepeta?"

Siku ya matanga ikafika. Mjane hasemi mbele ya watu siku hiyo. Mtani ndiye asemaye lolote, na hakuna wa kumkataza. Mtani wao, Kasiani, alikuwa amevaa koti la marehemu, akizunguka kuomba tumbaku. Alipomfikia Generoza, mama huyo alimshika mkono wa koti.

"Mwigize kazini," alinong'ona. "Na upawa usiuonee huruma."

Oswald aliusimamisha upawa. Hezekia akanyoosha mkono. Kasiani akaupokonya.

"Mnagawa vitu vyangu nami nimechelewa kidogo tu?"

Watu wakacheka. Akatembea bega moja chini, kama Nikolaus hasa.

"Kasiani, lete," Oswald alisema.

"Nikupe wewe? Unataka urithi na mjane pia? Hakutaki, una miguu ya korongo."

Kicheko kikazidi. Generoza alikaza macho kwenye ile shingo. Kasiani akaokota figa mekoni, akalitia ndani ya upawa, akaunyanyua taratibu, akaupeleka upande wa Hezekia kama anayemimina. Chuma kikalia, kikakatika. Figa likatua karibu na vidole vya Hezekia.



Oswald aliinama, akaokota bakuli la upawa. Ukingo uliovunjika ulikuwa mwembamba kama ganda la kitunguu.

"Kumbe kaka hakujikwaa," Hezekia alisema.

"Mimi nilitazama kutu," Oswald alijibu polepole. "Kumbe kioo nacho kinakula chuma."

Generoza alijifunika kanga usoni, na hapo ndipo alipolia.

Tanuri lile sasa linachoma matofali. Hezekia analima mpunga Tindiga.